Ukuta Wenye Joto

4 Februari

Dada Koleo,

Natumaini mko wazima, sisi huku wazima. Mama, shikamoo. Najua dada anakusomea hapo mezani na najua umeshamwambia asome polepole. Goti linaendeleaje? Dawa ya kupaka niliyotuma ni ya asubuhi na jioni, si ya kugawia majirani.

Ofisini wameniongezea shule nne. Sasa nakagua shule kumi na saba, na ya mbali kabisa iko kilomita hamsini na mbili kutoka mlangoni kwangu. Wiki iliyopita mwalimu mkuu mmoja alinipa daftari la mahudhurio ambalo mwaka mzima hakuna mtoto aliyekosa hata siku moja. Nikamuuliza, "Hawa hawaugui?" Akajibu, "Hali ya hewa ya hapa ni nzuri sana, mkaguzi." Nimeiandika kwenye ripoti kama alivyoisema.

Kwa sababu ya safari hizo nimenunua gari, kwa mkopo wa ofisi. Gari la umeme. Limetumika miaka mitatu, rangi ya majivu, halina mlio. Mhasibu wetu alipolipanda mara ya kwanza aliniuliza mara mbili kama nimeshaliwasha, na wakati huo tulikuwa tumeshatoka getini.

Sasa jambo lenyewe. Gari nimelimudu, kulilisha ndiko kunakonishinda. Nilimwita fundi aje apime nyumba ili anifungie chaja. Ni mtu mzima, ana miwani, kompyuta ya mkononi, na anapima kila kitu mara mbili. Mimi namwita Profesa. Ameleta makadirio ya mistari kumi na mmoja, jumla milioni nne na laki tatu. Ni mishahara yangu minne, kwa kitu cha kubandika ukutani.

Nyumba hii uliivutia waya wewe mwenyewe miaka tisa iliyopita, unajua kila bomba lilipolala. Makadirio nimeyakunja peke yake, hayo usimsomee mama, atakosa usingizi. Niambie kama hizi ni gharama za halali au naibiwa mchana kweupe. Wewe una testa ya baba, ile bisibisi yake ya kupimia umeme, bila shaka utaona ambacho Profesa hakukiona.

Mdogo wako,
Kalamu


23 Februari

Mdogo wangu Kalamu,

Mama ameitikia marahaba kwa sauti iliyofika nyumba ya tatu. Goti liko vilevile. Dawa amemgawia jirani mmoja tu, ila ni nusu.

Habari ya gari nilimsomea mara moja. Akataka niirudie, nikairudia. Akataka mara ya tatu, nikamwambia barua imeisha.

Karakanani hatulali njaa. Nina mota tatu za pampu za kusuka nyaya upya, zote zimeungua kwa sababu watu wanaacha pampu inazunguka bila maji kisha wanalaumu kiwanda. Kazi za majumbani bado nakwenda kwa baiskeli, ngazi nimeifunga pembeni. Nikikata kona watu wananipisha kama mkuu wa wilaya.

Hongera kwa gari. Hujaandika shemeji amesemaje. Mwanamume anayemwacha mkewe anunue gari bila kutia neno ni wa kutunzwa.

Makadirio nimeyasoma kwa kalamu nyekundu, kama unavyowafanyia walimu. Nina miaka ishirini na nane kwenye kazi hii. Baba alinitoa shule nibebe ngazi ili wewe ubebe vitabu, basi angalau leo ngazi hiyo ikufae.

Mstari wa tatu, waya wa milimita kumi. Wizi. Baba alivutia waya majiko ya umeme ya mtaa mzima kwa milimita nne, na waliolalamika walilalamikia mapishi. Weka nne.

Mstari wa tano, kuchimba mtaro wa mita thelathini na moja kuzunguka nyumba. Huo ni wizi na uharibifu pamoja. Bomba la waya wa hita ya maji nililiachia nafasi. Linapita ndani ya ukuta wa chumba cha nyuma, pale mnapoweka masanduku. Pitisha humo humo.

Mstari wa saba, kifaa cha kupunguza kasi ya chaja wakati jiko na hita vinafanya kazi. Mapambo. Futa.

Mpe Profesa karatasi hii. Akikataa, tafuta fundi asiye na kompyuta.

Dada yako,
Koleo


15 Machi

Dada,

Tunashukuru tu wazima. Mama, shikamoo, na hiyo nusu ya dawa iliyobaki ifunge kwa ufunguo.

Profesa alikuja siku ya Jumanne. Nikampa karatasi yenye wino mwekundu. Aliisoma amesimama, kisha akaketi akaisoma tena.

"Nani huyu?"

"Dada yangu. Fundi umeme."

"Amewahi kufunga chaja ya gari?"

"Ana miaka ishirini na nane kazini."

"Sikuuliza umri, mama."

Akanieleza kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la tatu. Jiko, anasema, linapika saa moja kisha linapumzika. Gari linakula saa nane bila kuinua kichwa. Waya uleule unaovumilia jiko utapata moto ukilishwa gari, hasa ukibanwa bomba moja na waya wa hita. Nikamwambia damu yangu haiwezi kunidanganya. Akafunga kompyuta yake. "Sijasema anakudanganya. Nimesema waya ni mwembamba." Akaenda zake na hakudai hata nauli.

Nikakuamini wewe, dada. Niseme ukweli, niliona raha kumwambia mtu kwamba kwetu fundi ni dada yangu. Mimi hata ngazi sikuwahi kuruhusiwa kuishika. Nikigusa waya baba alinipiga kofi la mkono, "Kalamu haishiki koleo." Wewe ulikwenda naye kila Jumamosi, mkarudi mmechafuka mkicheka mambo ya huko juu ya dari, nami nimekaa na daftari langu safi. Hilo hamkuwahi kuniuliza.

Basi fundi wa jirani amefanya kazi kwa siku moja, kwa karatasi yako. Milioni moja na laki saba. Gari linachajiwa, taa ya kijani inawaka, nimepiga picha.

Jambo la pili. Daktari amenipigia kuhusu goti. Anasema mama asipande ngazi tena, na kwako ziko kumi na moja. Aje kwangu mwezi wa nne. Hapa ni chini, bafu liko karibu, nitampa chumba cha mbele chenye dirisha. Nakuomba usikatae.

Na usiulize habari za shemeji kila barua. Ana shughuli zake.

Kalamu


2 Aprili

Kalamu,

Sisi wazima. Ngazi ni kumi, si kumi na moja. Ninazipanda kila siku na ndoo mbili, nadhani idadi yake naijua.

Sijakataa. Mama ataondoka Alhamisi kwa basi la asubuhi. Amefunga sanduku mara nne na kulifungua mara tatu. Amenunua viatu vipya kwa ajili ya gari lako. Kwenye baiskeli yangu nilimbeba miaka sita kwenda kliniki na hakuwahi kuvaa zaidi ya kandambili. Nilipomwambia hivyo akasema, "Wewe kwenye baiskeli nani aliniona?"

Nitasema mara moja, kisha nitanyamaza. Kwanza ulipata vitabu. Ukapata kazi ya kukaa kwenye kiti. Ukapata nyumba, nikaivutia waya bila malipo, ilikuwa zawadi ya harusi yako. Ukapata gari. Sasa unapata mama, na unanipa sababu ya daktari ili nisiweze kubisha. Nimebakiwa na testa moja na hata hiyo uliililia.

Kuanzia sasa msomaji ni wewe, kwa hiyo aya ya juu uiruke. Mama akisikia atashuka kwenye gari na kurudi kwa miguu, na goti halimruhusu. Huku sina tena wa kumsomea. Jana barua ya shirika la maji niliisoma kwa sauti peke yangu, mpaka nilipofika kwenye tarehe ndipo nikajishtukia.

Na chaja ikileta matatizo, taa ikizimika au umeme ukikatika kila mara, usimwite Profesa wala huyo wa jirani. Niite mimi. Nitapanda basi siku hiyohiyo.

Koleo


26 Aprili

Dada,

Mama amefika salama, mwenye viatu vipya na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Nilimzungusha mjini kwa gari saa nzima. Aliteremsha kioo akasalimia kila aliyesimama kituoni, watu asiowajua. Mmoja akamuuliza, "Mama, hilo gari limezimika?" Akamjibu, "Limenyamaza. Wewe nawe jifunze."

Aya uliyosema niruke niliiruka. Mama akasema, "Hapo pametoka kitu. Dada yako haandiki barua fupi hivi." Nikakunja karatasi.

Shule zinaendelea. Ripoti ya yule mwalimu wa hali ya hewa nzuri imemrudia, sasa ana watoto kumi na wawili wagonjwa kwa wiki.

Chumba cha mbele mama amekikataa. Anasema pikipiki zinampita kichwani. Amehamia chumba cha nyuma, tumetoa masanduku, na amekipenda kuliko nilivyotegemea. Mimi nikirudi kazini saa kumi na moja nachomeka gari. Ikifika saa mbili hivi, ukuta wa upande wa kitanda unakuwa na joto zuri, kama pasi iliyosahauliwa kidogo. Mama anauegemeza goti lake. Anasema unamkanda vizuri kuliko dawa. Siku nisipochaji ananiuliza, "Leo hujachomeka? Goti linaulizia gari."

Kuna harufu kidogo ya plastiki, kama kandambili mpya. Nimefungua dirisha na kuweka sabuni ya kunukia kabatini.

Mama anataka niandike maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie Koleo aliyetengeneza ukuta huu alinipenda. Mwambie pia nyumba hii ina nafasi nyingi kuliko nilivyodhani." La mwisho amekataa kulieleza.

Unaona sasa? Gharama ulizofuta zimemnunulia mama kitanda kipya. Asante, dada. Ni mara ya kwanza nakuandikia neno hilo bila kulitafuna.

Kalamu


8 Mei, saa kumi na moja na robo jioni. Ujumbe wa simu

Usichomeke gari. Kama umechomeka, shusha swichi ya chaja sasa hivi. Zima na hita. Mtoe mama chumba cha nyuma. Ukimaliza ndipo unitukane.


10 Mei

Dada,

Mama ni mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu sijui kama ungependa kulisoma mwishoni.

Nilikuwa ndio nimefika, waya wa chaja uko mkononi, simu ikaita. Nikaona namba yako. Tangu tugombanie testa, tangu mama aseme simu imetuharibu na kuanzia hapo tuandikiane, ni miaka mitatu hujanipigia. Nikajua umepiga kunitolea yale ya aya niliyoiruka. Nikaiacha iite. Nikachomeka gari. Ukapiga tena, na tena. Ulipiga mara tisa, nimehesabu baadaye. Nilikuwa najibia moyoni maneno ya kukukomesha, na mazuri kweli, ulipoingia ujumbe.

Nikashusha swichi. Nikamtoa mama, akiwa na mto wake mkononi, ananiuliza ukuta umekosa nini.

Usiku huo nilimpigia Profesa, akaja asubuhi yake. Sikutegemea aje. Hakusema "nilikuambia", nami ningelipia niambiwe hivyo kuliko ule ukimya wake. Alipima, akachukua patasi, akavunja ukuta shibiri moja na nusu juu ya mto wa mama. Bomba limegeuka kahawia na kupinda. Nyaya mbili, wa hita na wa chaja, zimegandana kama peremende mfukoni mwa mtoto.

"Ilikuwa imebaki wiki moja," akasema. "Labda mbili."

Kisha akaona alama ya mafuta ya kupaka kwenye rangi ya ukuta. Akamgeukia mama. "Mama, hapa ulikuwa unaegemea nini?"

"Goti."

Akavua miwani akaifuta muda mrefu, na haikuwa na uchafu.

Nimemwuliza kwa nini swichi haikukata yenyewe. Akasema swichi aliyoifunga fundi wa jirani ilikuwa kubwa kuliko waya, haikuona kosa lolote. Waya ndio uliokuwa unaumia.

Kipande cha waya kimo kwenye bahasha hii. Kishike. Wewe ni fundi, hutahitaji nikueleze. Nimebaki na swali moja nalo halina maelezo. Uliposoma mstari wa tatu na kalamu nyekundu mkononi, ulijua?

Barua hii sijamsomea mama. Ni ya kwanza.

Kalamu


27 Mei

Mama, shikamoo.

Kalamu, barua hii msomee mama yote. Usiruke mstari. Kama huwezi, mpe jirani asome.

Nilijua.

Sikujua kwamba mambo yatafika pale. Lakini kwamba waya wa milimita nne, ndani ya bomba la hita, kwa saa nane, utapata moto, hilo analijua hata anayefagia karakana. Profesa alisema kweli tupu, na maneno yake uliniandikia kwenye barua ya Machi. Niliyasoma. Ningeweza kujibu kwa mstari mmoja. Nikakujibu kuhusu idadi ya ngazi.

Nataka kueleza nilichotaka, kwa sababu mkaguzi atauliza. Nilitaka chaja ikusumbue. Nilidhani itakatakata, taa itazimika, utakaa gizani na gari lako la bei mbaya, na utaandika: dada, njoo. Ningekuja na ngazi. Shemeji angenishikia taa. Mngekaa chini mkinitazama juu, kama mimi nilivyokaa chini nikikutazama. Ndiyo mpango wote. Mtu wa makamo, fundi wa miaka ishirini na nane, nikaharibu kazi ili niitwe kuitengeneza. Baba angenivunjia koleo kichwani.

Wino ule haukuwa na hesabu. Ulipoandika milioni nne na laki tatu sikuona gharama. Niliona kwamba kuna mtu anaweza kuulizwa milioni nne na laki tatu na akakaa akafikiria. Mimi kwa bei hiyo nisingeulizwa. Ndiyo maana niliandika wizi, wizi, mapambo.

Na kuna hili. Mwaka jana kampuni moja hapa ilitafuta mafundi wa kufunga chaja za magari. Mafunzo wiki mbili. Nilikwenda siku ya kwanza. Wenzangu wote walikuwa na kompyuta, mimi nilikuwa na testa. Mwalimu, umri wa mwanangu kama ningekuwa naye, akaishika akasema, "Mama, hii tuipeleke makumbusho." Walicheka bila ubaya. Saa ya chai nikachukua baiskeli yangu. Kwa hiyo Profesa alipouliza kama nimewahi kufunga chaja ya gari, jibu lilikuwa hapana. Sijafunga hata moja. Nilikuandikia kama mtu aliyefunga mia.

Barua yako ya Aprili niliisoma karakanani, nimeketi juu ya mota. Nikacheka habari ya kituoni. Nikafika kwenye ukuta wa joto. Mama, nilikusoma ukisema aliyeutengeneza alikupenda. Nilisimama nikaangusha bakuli la skrubu, na mpaka leo sijaziokota zote.

Kipande cha waya nimekipigilia msumari juu ya meza ya kazi. Wateja wakiuliza nawaambia ni changu.

Sitaandika nisamehe, neno hilo ni fupi na waya huu ni mrefu. Muulize Profesa bei ya milimita kumi kwa mita thelathini na moja. Mstari wa tatu ni wangu. Nitaulipa kwa awamu tatu na usinikatalie.

Wivu ninao bado. Nisikudanganye tena. Nakuonea gari, nakuonea nyumba, nakuonea shemeji asiyesema neno, na sasa nakuonea mama. Lakini nimejua unakofika usipouangalia.

Koleo


16 Juni

Dada,

Mama hajambo. Anatembea mpaka getini na kurudi.

Nilimsomea tumekaa jikoni. Nilipofika kwenye "Nilijua" niliishusha karatasi. Akasema, "Mbona umenyamaza? Soma." Nikasoma. Hakukatiza mpaka kwenye makumbusho, hapo akauliza, "Mwalimu huyo alisoma wapi?" kwa sauti ya mtu anayetaka anwani. Nilipomaliza chai yake ilikuwa imeshapoa, akainywa hivyohivyo.

Kisha akasema andika: "Koleo. Goti linauma. Ukuta umepoa." Nikamuuliza kama kuna zaidi. Akasema utaelewa.

Mimi sijapoa. Ninalala chumba kimoja na mama, na nikiamka naugusa ukuta kwa kiganja, ukuta ambao hauna waya wowote. Hilo umenipa wewe na sijui litakaa muda gani. Nikiwa shuleni nakuona umeketi na kalamu nyekundu, kalamu yangu mimi, na natamani kukufokea mbele ya darasa zima. Halafu namkumbuka Profesa alivyonieleza, nami nikamwacha aende zake kwa fahari kwamba nina dada fundi. Hiyo nayo ni sahihi yangu chini ya kazi ile.

Sasa na mimi nikueleze, maana umetaja shemeji tena. Shemeji aliondoka mwezi wa nane mwaka jana. Amechukua nguo, televisheni na ile ngazi ndogo uliyotuachia. Sikuandika kwa sababu barua zilikuwa zinasomwa mezani kwako, na nilijua utamwangalia mama vipi ukifika kwenye mstari huo. Mama alijua siku aliyofika. Aliingia bafuni, akaona mswaki mmoja, akatoka hakuuliza. Ndiyo ile nafasi nyingi aliyosema. Kwa hiyo ule wivu wa shemeji ulikuwa unamwonea mtu asiyekuwepo. Gari lenyewe nililinunua mwezi wa kwanza ili niwe na kitu cha kurudi nacho nyumbani.

Na mimi wangu nautaja. Nimekuonea wivu miaka thelathini kwa ajili ya zile Jumamosi. Testa niliililia si kwa sababu ya testa.

Profesa amechimba mtaro. Mita thelathini na moja kamili, alipima mara mbili. Waya wa milimita kumi ni mzito, dada, hukuwahi kuniambia kwamba ni mzito hivi. Nilimwomba anifundishe kuukata. Akanipa koleo. Nimekata mwenyewe, vibaya mara ya kwanza, sawa mara ya pili, na nina malengelenge mawili kiganjani. Leo shuleni nilishindwa kushika kalamu vizuri na sikujali.

Kazi yote imekwisha, na kifaa cha mstari wa saba kimefungwa. Umebaki mwisho mmoja tu wa waya wa kuunganishwa, pale kwenye mita. Nimemwambia Profesa auache, swichi iko chini na amefunga kufuli. Akauliza tunamsubiri nani. Nikamwambia. Akafikiri, akasema, "Aje. Lakini nitakuwepo, na nitapima baada yake."

"Mara mbili?" nikamuuliza.

"Tatu."

Mpaka hapo nakwenda shuleni kwa basi. Mama amekasirika, viatu vyake havina pa kwenda. Basi la kutoka kwenu la Jumamosi linafika saa nane mchana. Njoo na testa, Profesa anataka kuiona, nami nataka kuishika.

Mama amesikia naandika. Anasema utalala chumba cha nyuma, kichwa upande wa ukuta.

Kalamu